Tope Lina Kwao

Maji yakikupwa, hori ya Chake Chake haifichi kitu. Ukisimama ukingoni mwa mji ukatazama chini, unaona tope limetandaa baina ya mikoko, na katikati yake mkondo mwembamba ambao mtoto anaweza kuuvuka bila ya kuroa magoti. Karibu na mikoko tope ni jeusi na lina harufu ya mayai viza. Pale vijito vinapoingilia, rangi inageuka nyekundu, nyekundu ileile ya vilima vinavyouzunguka mji.

Hapa palikuwa na bandari. Majahazi yalingoja maji kujaa, yakaingia nayo, yakashusha mchele, nguo na mafuta ya taa, yakapakia karafuu, kisha yakatoka na maji. Siku hizi vyombo vinafikia Wesha, kilomita kadhaa kuelekea mdomo wa ghuba, na wasafiri wengi wa meli tunawapokea Mkoani. Mji uko palepale, ila bandari yake imefukiwa.

Nimewauliza wengi tope lile limetoka wapi. Mvuvi anasema limeletwa na bahari. Mkulima wa mpunga anamnyooshea kidole mwenye muhogo juu ya kilima. Mwenye muhogo anaitaja barabara. Wapo wanaosema ni mikarafuu mikongwe iliyokatwa bila ya kupandwa mipya. Kila jawabu lina akili ndani yake, lakini sijakutana bado na aliyelipima tope lenyewe.

Bibi yangu alikuwa na kipande cha mpunga bondeni. Mwaka mmoja, mvua kubwa ya masika ilikesha usiku kucha, na asubuhi kipande chote kilikuwa kimefunikwa na mchanga mweupe uliofika kifundo cha mguu. Mchanga haushiki maji. Mpunga uliokuwa umeanza kusimama ukageuka manjano, na msimu ule bibi hakuvuna kitu. Bonde zima lilimlaumu mwenye shamba la juu, maneno yakafika kwa sheha, na mahusiano ya nyumba mbili yakaharibika kwa muda mrefu. Sasa sikiliza: shamba la juu lilikuwa la udongo mwekundu. Mchanga uliomzikia bibi mpunga wake ulikuwa mweupe. Ushahidi ulikuwa miguuni petu, tumeukanyaga asubuhi nzima, na hakuna aliyeuona. Mimi mwenyewe nilikuja kulifikiria jambo hili nikiwa mtu mzima, yule mwenye shamba ameshafariki, na hakuna tena wa kumwomba radhi.

Ndiyo sababu naandika. Tope lina kwao. Linaweza kuulizwa lilikotoka, na likataja mto, shamba, hata kina cha ardhi lilikobanduka. Elimu ya kuliuliza ipo, imeshatumika hapa Tanzania, na Pemba inaihitaji kuliko inavyodhani.

Msomaji atauliza: Pemba ina bwawa gani hata tuhangaike na tope la mabwawa? Kweli, bwawa kubwa la kuzalisha umeme hatuna, na maji yetu ya kunywa yanatoka kwenye visima na chemchem. Lakini taa zetu zinatoka wapi? Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na kila aliyekuwepo anakumbuka giza lile. Upande wa pili wa waya ni gridi ya taifa, na jirani kabisa na Tanga unateremka Mto Pangani wenye vituo vitatu vya umeme wa maji: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale megawati 21, na New Pangani Falls megawati 68. Viwili vya chini vinategemea maji yanayohifadhiwa na kuachiwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Basi tope linalolijaza bwawa lile, mpakani mwa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara, linamgusa hata mwanafunzi anayedurusu usiku Micheweni.

Na mabwawa ya namna nyingine tunayo wenyewe. Bonde la mpunga ni bwawa kwa maumbile yake: liko chini, limezungukwa na vilima, na kinachoteremka kinakomea hapo. Mifereji na matoleo ya maji ya umwagiliaji katika mabonde kama Mlemele na Makwararani yanaishi au yanakufa kwa tope. Hori nayo ni bwawa, na mikoko ndiyo ukuta wake, kwa kuwa mizizi yake inayapunguza maji kasi na kukifanya kitue kilichobebwa na kijito. Wanamaji wetu wana msemo, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa ya chombo ambapo kila tone lililoingia hatimaye hukusanyika. Kisiwa nacho kina ngama zake.

Turudi Nyumba ya Mungu, maana kule kazi imefanyika. Bwawa lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, na mito miwili mikubwa inalilisha. Kikuletwa unakusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya Kilimanjaro upande wa kusini na magharibi. Ruvu unatoka upande wa mashariki na kupitia Ziwa Jipe; asiuchanganye mtu na ule Ruvu mwingine unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Mwaka 2021 Aloyce Amasi na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha na wa Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza, walichapisha utafiti juu ya mashapo ya bwawa hilo. Mashapo ndilo jina la kitaalamu la tope na mchanga unaotua chini ya maji.

Walichofanya ni hivi. Bomba linasukumwa wima ndani ya tope la sakafu ya bwawa, kisha linavutwa. Ndani yake unatoka mche wa tope, mfano wa mche wa sabuni ya kufulia. Juu ya mche ni tope la mwaka huu. Kadiri unavyoteremka ndivyo unavyorudi nyuma, mpaka ufike kwenye udongo wa zamani uliokuwepo kabla ya maji kuzuiwa. Mche unakatwa vipande vyembamba, na kila kipande kinapimwa umri na asili yake. Wakati huohuo watafiti wanazunguka juu, kwenye kidakio, yaani eneo lote linalotiririshia maji mto, wakichota udongo wa mashamba, wa malisho, wa msituni na wa kingo za mito. Kazi inayobaki ni kulinganisha tope la chini na udongo wa juu, kama unavyolinganisha sura ya mtoto na za wajomba zake.

Jawabu lililotoka ni kwamba kasi ya kujaa kwa bwawa imepanda sana kadiri miaka ilivyokwenda, na kwamba Kikuletwa unaleta sehemu kubwa kuliko Ruvu. Mwenye fedha za kupanda miti au kutengeneza matuta ya kukinga maji, na fedha hizo siku zote ni chache, anajua aanzie upande gani wa mlima. Hapo nyuma mtu angeweza kuzigawa nusu kwa nusu kwa sababu ya uadilifu wa kisiasa, na nusu nzima ingekwenda pasipo kilio kikubwa.

Lakini tope linatambulikaje? Hapa nataka niende polepole, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu.

Ushahidi wa kwanza ni wa damu: udongo unarithi mwamba uliouzaa. Udongo wa volkano ya Meru hauna mchanganyiko mmoja wa chuma, titaniamu na potasiamu na udongo wa miamba mikongwe ya Upare. Ukikausha tope, ukalisaga likawa unga na kulipiga mionzi ya eksirei, kila elementi inajibu kwa mwanga wake, na mashine inaandika kiasi chake.

Ushahidi wa pili ulianguka kutoka juu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia hewani. Vumbi lake lilipanda juu sana, likazunguka dunia, likashuka na mvua kila mahali, na wingi wake ulifikia kilele mwaka 1963. Ndani ya vumbi lile mlikuwa na seziamu-137, aina ya seziamu isiyokuwepo duniani kabla ya zama za nyuklia. Seziamu ikigusa chembe za udongo wa mfinyanzi inaganda, haitoki. Inakaa kwenye ngozi ya ardhi, sentimita chache za juu, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Kwa hiyo tope lenye seziamu limebanduka kwenye ngozi ya ardhi: shamba, malisho, sakafu ya msitu. Tope lisilo na seziamu limetoka ndani: korongo linalopanuka, ukingo wa mto unaobomoka, kilima kilichokatwa kupitisha barabara. Mtu anapoiona tofauti hiyo kwenye karatasi, hoja nyingi za barazani zinakatika.

Huku kwetu karibu na ikweta vumbi lile lilianguka kidogo kuliko lilivyoanguka kaskazini mwa dunia, hivyo kipimo kinahitaji subira, na mara nyingi wataalamu huegemea zaidi risasi-210. Hiyo ni ya asili. Hutokana na gesi ya radoni inayovuja ardhini, hushuka kutoka hewani daima, na hupungua nusu kila miaka 22. Hiyo ndiyo saa inayosoma umri wa kila kipande cha mche. Ipo na beriliamu-7, ambayo nusu yake huisha kwa siku 53 tu, nayo inafaa kwa kesi za juzi na jana: ikionekana ndani ya tope, tope hilo lilikuwa juu ya ardhi, likinyeshewa, msimu huuhuu.

Ushahidi wa tatu ni wa mimea. Kila mmea unaacha kwenye udongo mafuta ya mizizi na majani yake, na mafuta hayo hayatoki upesi. Mahindi, mtama na nyasi nyingi za malisho hujitengenezea chakula kwa njia isiyo ya muhogo, mpunga au mikarafuu, na tofauti hiyo inasomeka katika kaboni. Kwa vipimo vya ndani zaidi, vilivyoendelezwa kwanza New Zealand, hata mimea iliyo karibu kimaumbile inaanza kutenganika.

Mwisho wake kompyuta inafanya kazi ya mpishi. Mpishi hodari akionja mchuzi anakwambia tui limezidi, bizari imepungua, ndimu imetiwa mapema. Kompyuta inaonja tope na kukadiria: mto huu sehemu kadha, kingo sehemu kadha, mashamba sehemu kadha, na inasema pia ina shaka kiasi gani. Sharti moja tu lisisahauliwe. Maji huchekecha. Mchanga mzito hubaki njiani na vumbi laini huenda mbali, kwa hiyo lazima ulinganishe laini kwa laini, chembe zinazopita kwenye chekeche ndogo mno. Asiyezingatia hilo atamtia hatiani asiyehusika.

Na wasiohusika wameshatiwa hatiani sana katika nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden viliendesha mradi wa kuchunguza mmomonyoko. Anders Rapp na wenzake walipima mabwawa manne ya Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Mgeni akifika Ugogo macho yake yanavutwa na makorongo, mapana na marefu, ya kutisha. Watafiti walipopiga hesabu waliona kwamba udongo mwingi zaidi ulikuwa ukitoka kwenye mashamba na malisho yaliyo wazi, ukichunika kama karatasi nyembamba kila mvua inaponyesha. Hauonekani. Hakuna anayeupiga picha. Ndio uliokuwa ukiyajaza mabwawa kwa kasi iliyofanya baadhi yake yasitarajiwe kuishi zaidi ya miongo michache.

Kondoa hadithi yake ni nzito zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Ng'ombe walihukumiwa. Miti na nyasi zilirudi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini baadaye wataalamu walipoyapima matabaka ya udongo uliokusanyika chini ya vilima vya Irangi, kwa njia inayoonyesha ni lini chembe za mchanga zilipata mwanga wa jua kwa mara ya mwisho, walikuta kwamba mmomonyoko mkubwa pale una historia ya mamia na hata maelfu ya miaka. Ng'ombe walikuwa na sehemu yao, ila mashitaka yalianza mbali sana kabla ya wale waliofukuziwa mifugo kuzaliwa. Kuondoa mifugo ya watu ni uamuzi mzito mno kufanywa kabla ya tope kusema.

Kenya nako, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Thomas Dunne na William Dietrich walionyesha kitu ambacho watu wa visiwani tungepaswa kukisoma mara mbili. Barabara za udongo na vijia vya miguu, ingawa vinachukua sehemu ndogo sana ya ardhi, vilikuwa vikitoa sehemu kubwa ya tope la mito kupita ukubwa wake. Ardhi iliyokanyagwa hainywi maji. Inageuka mfereji. Fikiria ni vijia vingapi Pemba vinashuka moja kwa moja kutoka kwenye mikarafuu hadi kisimani, na kutoka kisimani hadi bondeni.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko pwani yetu hii, Malindi. Mto Sabaki unamwaga tope la bara baharini, na karibu yake kuna matumbawe yaliyokuwa yakikua kwa karne tatu. Tumbawe hujijenga tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, na tope la mtoni likiingia baharini huachia bariamu, ambayo tumbawe huiweka ndani ya jiwe lake. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha walichokisoma humo. Kwa karne mbili bariamu ilikuwa chini na tulivu. Mara baada ya mwaka 1900 ikaanza kupanda, wakati walowezi na utawala wa Kiingereza walipobadilisha matumizi ya ardhi ya nyanda za juu na watu wakaongezeka. Tumbawe lisilotoka mahali pake liliandika mambo yaliyokuwa yakitendeka mamia ya kilomita ndani ya bara.

Sasa Pemba. Washukiwa wetu tunawajua kwa majina.

Mikarafuu imebeba historia ya vilima hivi. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho cha karafuu. Msitu wa asili ulikatwa, umebaki pembeni kama pale Ngezi. Hata hivyo mkarafuu uliosimama na kivuli chake na majani yaliyodondoka chini huilinda ardhi vizuri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa kwa eka tatu tatu, familia zikaongezeka, eka hazikuongezeka. Mkarafuu ukifa, mahali pake huingia muhogo, na muhogo hulimwa kwa matuta. Matuta yakifuata mteremko, kila tuta limechimba mfereji wa kuteremshia udongo. Yakiukata mteremko, yanauzuia. Tofauti ni nusu siku ya jembe.

Kisha kuna barabara kuu, ile ya kwenda Mkoani na ile ya kwenda Wete, ambazo katika miaka ya karibuni zimekuwa zikijengwa upya. Tunazihitaji, wala sizikatai. Lakini kilima kikikatwa, udongo mwekundu wa ndani unabaki uchi mpaka upandwe nyasi, na masika hayangoji. Kuna machimbo ya mchanga na kifusi. Kuna kingo za vijito zinazomegwa pale wanapopita ng'ombe. Na kuna bahari, ambayo mvuvi wangu hakuitaja bure, kwani maji ya bamvua huingiza mchanga wa matumbawe mpaka ndani ya hori.

Huyu wa mwisho unaweza kumpima jikoni. Chota mchanga kidogo wa hori, uoshe kwa maji ya mvua, uukaushe, uukamulie ndimu. Mchanga wa matumbawe na makombe utatoa povu, kwa sababu ni chokaa. Mchanga wa kilimani kwa kawaida utanyamaza. Mahakama haikubali ushahidi wa ndimu, na kuna mahali Pemba ambapo ardhi yenyewe ina chokaa, lakini ni mwanzo ambao hata mtoto wa skuli anaweza kuufanya.

Jaribio jingine linahitaji chupa mbili za plastiki. Zijaze maji ya mvua, utie katika kila moja kijiko kimoja cha udongo mwekundu. Katika moja ongeza vijiko viwili vya chumvi. Zitikise kwa nguvu, uziweke dirishani. Katika zote mbili mchanga unazama hujahesabu kumi. Kisha tazama juu yake. Baada ya saa chache, chupa ya chumvi imeanza kutakata, na chini pametua utando laini kama uji. Ile nyingine bado ina rangi ya chai ya maziwa, na pengine italala hivyo mpaka asubuhi. Chembe za mfinyanzi ndani ya maji matamu hukimbiana. Chumvi huzifanya zishikane, zikiwa nzito huzama. Ndivyo inavyotokea kila siku pale Chake Chake. Kijito kinashuka na tope lililoelea, kinagusana na maji ya bahari, na tope linatua palepale, mlangoni mwa mji. Lile lisilotua huendelea, likafunika matumbawe na kuwakalia akina mama mwani wao kwenye kamba.

Wazee wetu walishaanza kazi ya kutambua udongo kabla ya mashine. Kichanga, kinongo, kinamo: kila jina linakwambia rangi, uzito, na kinachoota. Wataalamu wa kilimo wa enzi ya Waingereza walipochora ramani za udongo wa Unguja na Pemba waliyachukua majina haya ya wenyeji wakayaandika vitabuni, kwa sababu hawakuwa na mazuri zaidi. Mama anayelima bonde miaka 30 anajua tope la mwaka huu si la mwaka jana. Ujuzi huo ukiwekwa pamoja na kipimo cha maabara, utafiti mzima unakuwa nafuu, maana mtafiti hahangaiki kuchota kila mahali. Anachota pale alipoonyeshwa.

Gharama si ya kutisha. Kuchota kunahitaji jembe, ndoo, mifuko, kalamu isiyofutika na simu inayoonyesha mahali ulipo. Kwa kipimo cha seziamu na risasi kunahitajika pia mahali tambarare pasipolimwa tangu zamani, pa kulinganishia, na mahali pa namna hiyo Pemba papo. Vipimo vya mionzi na elementi vinaweza kufanyika bara, Arusha. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na FAO yamekuwa yakiwafundisha wataalamu wa Afrika njia hizi kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia. Mada ni hii.

Naiomba Wizara ya Kilimo, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira na mabaraza ya miji: kabla ya mkataba mwingine wowote wa kuzoa tope la mfereji, kuzibua hori au kujenga toleo la maji bondeni, tope lipimwe kwanza lilikotoka. Kulizoa bila ya kujua kwao ni kulipa kila mwaka kwa kazi ileile. Nawaomba masheha waandike, kila mvua kubwa inapopita, ni kijito gani kilishuka kikiwa chekundu na kipi kilishuka cheupe. Daftari la skuli linatosha. Na wewe unayelima bonde, siku mchanga utakapokufunika mpunga, kabla ya kupandisha kilimani kugombana na jirani, chota mkono mmoja, uutazame rangi, upande naye pamoja mkaangalie unafanana na wapi.

Masika yanaingia Machi. Mifuko ya sampuli iwe tayari Februari.